Umemuona Akinywa?

Nilikuwa nimelishika sega kwa mikono miwili nikiliegemeza juani, na binti wa kaka yangu akichomoa pupa wa nyuki dume, yaani buu anayegeuka kuwa nyuki, kwa ncha za uma, mmoja mmoja. Ndivyo tunavyopima hali ya mzinga: unafunua vyumba vya madume vilivyozibwa kwa nta, unatazama kilichojificha humo. Pupa hutoka mzima, mweupe kama tui zito, macho yameanza kuingia rangi ya zambarau. Wa nne akatoka na doa la rangi ya kutu ubavuni.

"Shangazi, huyu ana alama."

Alama ikatembea.

Nikamweleza kwamba huyo ndiye Varroa, utitiri wa nyuki, yule anayemaliza mizinga duniani kote. Nikamweleza kwa sauti ya mtu ambaye amefuga nyuki miaka mingi. Akauliza anakula nini. Nikamjibu bila kufikiri: anakunywa damu ya nyuki.

Akamsogeza pupa karibu na jicho lake, akakaa hivyo muda mrefu.

"Umemuona akinywa?"

Nikasema vitabu vyote vimeandika hivyo. "Sawa, shangazi," akanijibu. Ilikuwa ile sawa ya mtoto ambaye hajaridhika, ila hataki kubishana na mkubwa.

Sawa ile imenikaa kooni wiki sita.

Neno lenyewe

Katika Kiswahili utitiri ni wadudu, na pia ni kipimo. Tunasema utitiri wa kodi, utitiri wa vyama, utitiri wa matangazo, tukimaanisha vitu vingi kiasi kwamba hakuna haja ya kuvihesabu. Nimejaribu kukumbuka kama nimewahi kumsikia mtu akisema "utitiri mmoja", nikashindwa. Neno lenyewe linakataa umoja. Ukilitamka, umeshakata tamaa ya kuhesabu.

Kumbe wapo watu ambao maisha yao yote ya kazi ni kukataa hilo. Taaluma yao inaitwa akarolojia, elimu ya utitiri na kupe. Viumbe hawa si wadudu kamili. Ni jamaa wa buibui na nge, wana miguu minane, na spishi zilizokwisha kupewa majina zimepita 50,000. Wengi hawamsumbui mtu, wanaishi udongoni na kwenye majani makavu. Vimelea ni sehemu tu yao.

Jike la Varroa lina urefu wa milimita 1.1 na upana wa milimita 1.6. Amepanuka kuliko alivyorefuka, kama kaa, na ana mgongo mgumu wa mviringo. Nyuki anayembeba ni kama mtu aliyebandikwa sahani mwilini, sahani yenye mdomo.

Huingia chumbani muda mfupi kabla nyuki hawajakiziba, akajificha chini ya chakula cha buu. Mlango ukishafungwa huanza kutaga. Yai la kwanza ni dume, yanayofuata ni majike, na yule dume huwapanda dada zake humo humo gizani. Nyuki akitoka na mabawa yake, mama na binti zake waliokomaa hutoka naye. Dume hubaki na kufa ndani ya chumba ambacho hakuwahi kukitoka.

Haya yote niliyajua. Nilikuwa nimeyasoma, nimeyarudia mbele ya watu, nimeyafundisha. Sikuwa nimeuliza aliyeyaona ni nani, na aliyaonaje.

Swali la mahali

Usiku ule ule, baada ya kulisafisha bomba la kufukizia nyuki moshi, nilikaa kutafuta. Nilitaka sentensi moja tu ya kumpelekea mtoto: fulani alimuona akinywa, mwaka fulani, kwa njia fulani.

Nikakutana na Samuel Ramsey.

Ramsey ni Mmarekani mweusi. Alipokuwa akisomea shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Maryland, wazo la Varroa kunywa damu lilikuwa limeshazeeka. Lilitegemea zaidi kazi za watafiti wa Muungano wa Kisovieti za miaka ya 1970, na kutoka hapo kila mwandishi alimnukuu aliyemtangulia. Dawa zilibuniwa, madarasa yakafundishwa, watu kama mimi wakajibu watoto.

Mashaka yake yalianzia kwenye jambo ambalo yeyote mwenye mzinga angeweza kulitazama: utitiri hukaa wapi mwilini mwa nyuki?

Fikiri kidogo. Damu ya nyuki haipiti kwenye mishipa kama yetu. Imejaa mwilini, inaogelesha viungo vyote. Mnywaji wa damu angeweza kutoboa popote palipo laini, akapata. Lakini kwenye nyuki wazima Ramsey aliwakuta utitiri wengi wamejibana mahali pamoja, upande wa chini wa tumbo, katikati ya bamba na bamba. Na chini ya ngozi ya mahali hapo pana tishu ya mafuta.

Jina hilo linaipunja. Tishu ile huhifadhi chakula, huondoa sumu, husaidia kinga, hutengeneza protini ambazo nyuki huishi nazo miezi ya njaa. Kwa kazi zake iko karibu na ini letu kuliko na mafuta ya kiunoni.

Kulikuwa na dalili nyingine, na hii ndiyo iliyonifanya niweke simu chini. Damu ya nyuki ina maji mengi na lishe kidogo. Anayeishi kwa kuinywa angelazimika kutoa maji mengi sana. Kinyesi cha Varroa ni kikavu, chembe nyeupe zilizogandamana kwenye kuta za chumba. Mimi nimezifuta chembe hizo kwa kidole mara ngapi? Jibu lilikuwa chini ya ukucha wangu.

Kisha akafanya majaribio. Nyuki wakagandishwa kwa naitrojeni ya kimiminika wakiwa na utitiri wao bado wamewang'ang'ania, wakapasuliwa, wakatazamwa kwa hadubini ya elektroni. Jeraha likaonekana, na seli za mafuta zilizokuwa zimeanza kuyeyushwa. Halafu nyuki wakalishwa rangi mbili zinazong'aa: moja ya njano na kijani inayokaa kwenye damu, nyingine nyekundu inayoshika mafuta. Utitiri wakaachwa wale, kisha matumbo yao yakamulikwa.

Yaliwaka mekundu.

Mwisho akawalisha utitiri bila nyuki, wengine damu tupu, wengine mafuta, wengine mchanganyiko. Wa damu tupu walikufa mapema, karibu sawa na walionyimwa chakula. Waliopata mafuta waliishi zaidi, na kutaga wakataga. Makala ilitoka Januari 2019.

Nilimpigia mtoto asubuhi. Nikamwambia: nilikukosea, si damu, ni mafuta, na yupo mtu aliyeona. Nikamsimulia habari ya rangi mbili. Alinyamaza, kisha akauliza kama mtu huyo analipwa kwa kazi hiyo.

Nikasema ndiyo.

Simu ya kaka

Siku tatu baadaye kaka yangu akanipigia.

"Dada, umemwambia nini mtoto? Anasema anataka kusomea utitiri."

Hakuwa na hasira. Kaka yangu ni mtu mpole, na ulikuwa upole wake uliofanya swali lake lililofuata liwe gumu. "Mtu anaishije kwa kusoma utitiri?"

Sikuwa na jibu. Ukweli ni kwamba hata mimi niliogopa. Tunawaambia watoto kuuliza si ujinga, kisha mmoja akiuliza mpaka akafika mahali, tunaanza kumhesabia mishahara. Niliogopa upweke wake, miaka yake ya kuinama juu ya hadubini akihesabu vinyweleo, maana utitiri wengi hutofautishwa kwa idadi na mpangilio wa vinyweleo mwilini. Niliogopa siku atakapoulizwa kwenye arusi ya mtu anafanya kazi gani.

Kwa hiyo nikaendelea kutafuta, safari hii nikimtafutia kaka. Nilitaka kuona maisha ya watu hawa yalikwendaje.

Aliyemwelezea Varroa mara ya kwanza kisayansi, mwaka 1904, ni Mholanzi Anthonie Cornelis Oudemans. Aliwahi kuongoza bustani ya wanyama The Hague, kisha akawa mwalimu wa shule. Utitiri aliopelekewa walikuwa wamekusanywa Java na Edward Jacobson, kutoka kwa nyuki wa Asia, na Oudemans akampa kiumbe huyo jina la mkusanyaji: Varroa jacobsoni. Wakati ule halikuwa tatizo la mtu. Nyuki wa Asia na utitiri wao walikuwa wamezoeana; humo kimelea huzaliana zaidi kwenye vyumba vya madume, na kundi linaendelea kuishi.

Baadaye watu wakahamisha mizinga ya nyuki wa Ulaya kuipeleka kwenye nchi za nyuki wa Asia. Utitiri akahamia kwa mwenyeji ambaye hakuwa na ulinzi, akapanda magari na meli pamoja naye. Mwaka 1987 akagunduliwa Marekani. Mwaka 1997, Afrika Kusini. Kila alipofika aliitwa jacobsoni.

Lilikuwa jina lisilo lake.

Wawili waliodhaniwa mmoja

Denis Anderson alifanya kazi Australia, kwenye taasisi ya utafiti ya CSIRO. Jambo lililomkera lilikuwa hili: utitiri wa Java, wale wale wa Oudemans, walipoingia kwenye mizinga ya nyuki wa Ulaya hawakuweza kuzaliana. Waliingia vyumbani, wakakaa, wasitage. Sasa kama hawa ndio wanaoangamiza mizinga duniani, mbona hapa nyumbani kwao hawazai?

Alikusanya utitiri kutoka sehemu nyingi za Asia, akapima miili yao, akasoma DNA zao. Mwaka 2000, yeye na John Trueman wakatangaza kwamba walikuwa wawili. Jacobsoni alikuwa amebeba lawama ya ndugu yake kwa miongo. Mwangamizi akapewa jina lake: Varroa destructor. Karibu kila kitu kilichokuwa kimeandikwa kuhusu madhara ya jacobsoni kwa nyuki wa Ulaya kilikuwa kinamhusu mwingine.

Nilipofika hapo nilifurahi, nikadhani nimempata mtu wa kumwonyesha kaka: huyu hapa, aliona walichokikosa wote, jina lake litakumbukwa. Nikataka kumpigia saa ile ile.

Kisha nikasoma ya 2008.

Mwaka huo, huko Papua New Guinea, Anderson alikuta utitiri wakizaliana kwenye mizinga ya nyuki wa Ulaya. Hawakuwa destructor. Walikuwa jacobsoni, yule asiyezaa humo, yule aliyetegemewa na wote kwamba hazai humo, na sehemu kubwa ya tegemeo hilo ilitokana na kazi ya Anderson mwenyewe. Hakuwa amekosea. Kiumbe ndiye aliyebadilika, akavuka.

Nimefikiria sana siku ile yake. Unafunua chumba cha nyuki, kama nilivyofunua mimi na binti yetu, unamkuta mama na wanawe mahali ambapo kwa miaka umewaambia watu hapatakuwa na wana. Hakuna mtu mwingine pale mwenye macho ya kuwatofautisha. Ungeweza kulifunika sega.

Akatangaza.

Kumi na moja

Kuna mwingine nitamtaja kwa kifupi, ingawa utitiri wake si wa nyuki. Ni wa upele, anayechimba ngozi ya binadamu. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Kenneth Mellanby alifanya utafiti wake Sheffield, Uingereza, kwa msaada wa wanaume waliokataa kupigana vita kwa sababu ya dhamiri zao, wakajitolea miili. Jeshi lilikuwa likitumia nguvu nyingi kufukiza mablanketi. Mellanby akawalaza watu wake kwenye mablanketi yaliyotoka kutumiwa na wagonjwa, bila kufuliwa. Karibu hakuna aliyeambukizwa. Walipogusana na wagonjwa ngozi kwa ngozi, wakaambukizwa.

Lakini kilichonishika ni hesabu. Mgonjwa wa upele hujikuna mwili mzima, halali, na wewe ukimtazama unasadiki kwamba ana maelfu. Mellanby na wenzake waliwatoa utitiri kwa sindano, mgonjwa mmoja baada ya mwingine, mamia ya wagonjwa. Wastani wa majike waliokomaa ulikuwa takriban 11 kwa mtu.

Kumi na moja. Mateso yote yale.

Nilimtumia kaka namba hiyo tu, bila maelezo. Akarudisha alama ya kuuliza. Nikampigia, tukazungumza saa nzima, na kwa mara ya kwanza tangu aanze wasiwasi wake aliniuliza habari za utitiri wenyewe badala ya habari za ajira.

Makala ya 2024

Ningeweza kuandika haya yote wiki mbili zilizopita, na yangeishia kwa mimi kumwomba mtoto radhi. Kilichonichelewesha ni makala moja zaidi.

Mwaka 2024 watafiti wa China na mwenzao wa Canada walichapisha kazi iliyorudia swali lile lile la chakula, ila wao waliwagawa utitiri kwa hatua ya maisha. Waliokuwa wakisafiri juu ya nyuki wazima walikula hasa mafuta, kama Ramsey alivyosema. Lakini waliokuwa chumbani na pupa, wakizaa, walikula hasa damu.

Nikaisoma mara ya pili. Nikaenda kukaa nje.

Utitiri aliyeonyeshwa na mtoto alikuwa juu ya pupa. Kwa hiyo jibu langu la kwanza, lile nililolitoa bila kufikiri, lile nililolifuta na kuombea radhi, kwa utitiri yule mmoja lilikuwa sahihi zaidi kuliko masahihisho yangu.

Na bado sikuwa nimeona kitu.

Sijui kama naweza kueleza jinsi hilo lilivyonisumbua. Kukosea nimezoea. Kupatia bila kujua kwa nini umepatia ni jambo jingine, linakuacha huna pa kusimama. Ramsey anaweza kuitazama makala ya 2024 na kusema: hapa nilitazama, pale sikufika, hapa bado panasimama. Ana ramani ya alichokiona. Anderson alikuwa nayo pia, ndiyo maana alipoona kitu kipya Papua New Guinea alikijua kuwa ni kipya. Mimi nilikuwa na sentensi tu.

Nadhani hiyo ndiyo kazi ambayo kaka aliniulizia. Mtu hulipwa, palipo na bahati ya kulipwa, ili ajue kwa uhakika mipaka ya alichokiona kwenye kiumbe cha milimita moja, akijua kwamba ndani ya miaka mitano mwingine atakuja na kuisogeza. Sitamdanganya kaka kwamba ni maisha mepesi. Nafasi ni chache. Lakini sitamwambia tena mtoto achague kitu kikubwa zaidi.

Jumapili

Jumapili iliyopita alikuja. Nilimweleza habari ya 2024, neno kwa neno, pamoja na sehemu ya kwamba nilikuwa nimepatia bila kustahili. Nilitegemea atacheka. Akaniuliza pupa wale walikuwa na umri gani, na kama chakula kinabadilika siku ile ile nyuki anapotoka chumbani au utitiri huchukua muda kuzoea. Nikamwambia sijui. Akaandika kwenye daftari.

Tukafungua mzinga. Safari hii tulimkuta mmoja kwenye nyuki mzima. Akamtoa kwa brashi laini, akamweka kwenye kisahani cheupe chini ya lenzi yangu ya mkononi, ile ninayoitumia kutafuta mayai ya malkia. Utitiri akatulia, kisha akaanza kutembea, ubavu ubavu, akikizunguka kisahani.

Mtoto akahesabu miguu kwa sauti ya chini. Akarudia kuhesabu.

"Shangazi, ana minane lakini anatembelea sita. Hii miwili ya mbele haigusi chini. Anaipunga tu hewani, kama kipofu na fimbo."

Miaka yote hii nimewatazama viumbe hawa.

"Sogea," nikamwambia, "na mimi nione."